Mlango Ndani ya Maji

Dada yangu alituaga akiwa amevaa viatu vyangu. Nilikuwa na jozi moja tu, na mama aliamua kwamba mtu hawezi kufika Japani miguu mitupu. Watawa walikuwa wamemtafutia nafasi ya kusoma huko. Mimi nikabaki kijijini kwetu Mpofi, peku, na mama na vita.

Nyuma ya nyumba yetu, karibu na mto, palikuwa na kijumba cha mizimu kilichonifika kiunoni. Jumapili mama alikwenda kanisani kama watu wote. Jumatatu aliinama mbele ya kijumba kile akiwa na chungu kidogo cheusi, akawamiminia wazee wetu kasiksi, ile pombe ya ndizi, akiwaita kwa Kinyanga, lugha yetu, mmoja baada ya mwingine. Kufagia pale ilikuwa kazi yangu. Kubadilisha majani ya paa, kazi yangu. Dada hakusogea pale, eti kuna nyoka. Chungu kile mama alikipata kwa mama yake, naye angemwachia binti mmoja tu. Nilijua ni nani. Nani mwingine?

Vita vilipotufikia, kijumba kiliungua pamoja na kijiji. Nilikimbia na chungu mgongoni, nimekifunga kwa kitenge kama mtoto mchanga, mama ameshika mkono wangu. Tulipofika Burungu, mfanyabiashara mmoja wa Butembo alitupa chumba nyuma ya duka lake. Miguu yangu ilikuwa imevimba, lakini chungu hakikuwa na ufa hata mmoja.

Yule mwenye duka alikuwa akisafiri hadi Uchina kununua bidhaa, na simu yake ilikuwa nzuri kuliko zote pale. Siku moja alituita: dada ametuma video.

Alikuwa amenenepa. Nyuma yake ilikuwa bahari, na ndani ya bahari umesimama mlango mkubwa mwekundu, nguzo mbili na boriti juu yake, peke yake kabisa. Dada akatembea ufukweni hadi kwenye nyumba ya ibada. Akachota maji kwa upawa, akanawa mkono huu, kisha huu. Akatupa sarafu, akainama, akapiga makofi mawili.

“Mama, huku pia iko kijumba ya mizimu,” alisema akicheka. “Dini yabo banaiita Shinto. Lakini ya kwabo njo kubwa!”

Mama alisogeza simu hadi puani.

“Banani balichoma ile nyumba?” akauliza.

Hatukumwelewa.

“Ile mulango inabakia yenyewe mu maji. Nyumba iko wapi?”

Mwenye duka alimweleza taratibu kwamba ndivyo ulivyojengwa, kwamba haujawahi kuwa na nyumba. Mama alikataa katakata. Njiani kutoka Mpofi tulikuwa tumepita milango mingi iliyosimama peke yake, na kila mmoja tuliwajua wenyewe. Akawalilia Wajapani pale pale dukani. Kisha akajifuta kwa ncha ya kitenge.

“Na vile balichomewa, mutoto yangu anaenda kubasalimia mizimu yabo,” akasema. “Yeye njo anakumbuka.”

Yeye njo anakumbuka! Mimi niliyefagia, niliyebeba, sikumbuki. Yeye aliyepiga makofi mawili mbele ya mizimu ya watu, huku mtu akimpiga picha, ndiye mtoto mwema. Wiki nzima mama aliwasimulia wanawake wa kisimani. Nilitwanga sombe, majani ya muhogo, kwa hasira mpaka jirani akauliza majani yale yamenikosea nini.

Kisha likaja lile nililoliogopa. Mwenye duka alikuwa anajiandaa kwa safari, mama akaniambia nimpe chungu. Akifika Uchina angekituma Japani.

“Kule, hata nyumba ikiungua, mulango inabakia na bantu banakuya,” alisema. “Huku chungu itapasuka.”

“Mama, mi njo niliibeba.”

“Ninajua.”

“Yeye hakubeba hata sufuria!”

“Ninajua, mwanangu.”

Nilikifunga kwa kitenge kile kile, nikampa mwenye duka. Kwanza viatu, sasa chungu. Nilimchukia dada yangu siku ile, na sikuona haya.

Kesho yake asubuhi mama aliniita nyuma ya duka, kwenye mfereji. Alishika kikombe cha plastiki chenye kasiksi. Nikamwambia, kwa sauti mbaya, kwamba chungu kiko safarini.

“Leta mikono,” akasema.

Nikakinga viganja. Akamimina kasiksi ndani yake, akaanza kuwaita wazee wetu. Kila jina alilisema polepole, akanisubiri nilirudie. Nilipokosea alirudia tena. Vidole vyangu vilipolegea, alivibana kwa vyake ili isivuje. Tulipofika kwenye jina la mama yake, sauti yake ilikwama, ikabidi nitangulie mimi. Mwisho akaniambia niachie, ikamwagika chini.

“Dada anajua hii majina?” nikauliza.

“Ataijulia wapi? Yeye nilimupa chungu.”

Akanionyesha ndoo ya maji ili ninawe. Sikunawa.