Kikombe cha Chai na Kabaila wa Milimani

Mimi nina hasira za karibu. Nilizaliwa nazo Tanga, nikasafiri nazo mpaka Johannesburg, na hakuna afisa wa mpakani aliyeniuliza nimebeba nini. Mwaka 2016 mke wangu alichoka nazo. Akafungasha, akahamia kwa kaka yake Rosettenville, kusini mwa jiji, akaniachia binti yetu wa miaka kumi na sita kwa kuwa shule yake ilikuwa karibu na kwetu Bertrams. Wote tulisema ni kwa muda. Muda ukawa mwaka.

Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa Mkongomani wa Bukavu. Kwao alikuwa mwalimu wa historia, hapa alilinda duka la matairi. Jumapili akitoka kanisani alipita kwangu kunywa chai, tai bado shingoni, na chai ilikuwa haijapoa ameshaanza hadithi. Si za sungura na fisi. Yeye alikuwa na ukoo wake mmoja wa makabaila wa Ufaransa, watu wa karne na karne nyuma, waliotawala jimbo dogo la milimani mpakani na Hispania, baba akimwachia mwana na mwana akimwachia mjukuu. Aliwajua kama wajomba zake wa kuzaliwa. Siku moja nikamwuliza, wewe mtu wa Kivu, makabaila wa Kizungu wanakuhusu nini?

"Papa, mimi pia nimezaliwa milimani, mpakani," akasema. "Ukikaa mpakani una wafalme wawili wa kuwainamia. Unajifunza kuinama nusu nusu. Wale watu walijua sana kuinama nusu."

Binti yangu alikuwa akikaa pembeni na simu yake, akijifanya hasikii. Huyo ni mtoto wa hapa hapa. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, tumeishi hivyo miaka yote na tunaelewana, tukitaka.

Jumapili ninayoisema ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya Joburg ile inayokuingia mpaka kwenye meno. Binti akainuka mwenyewe akapika chai. Nilishangaa, maana kumwambia aoshe kijiko kimoja ni vita. Akamwekea jirani kikombe chake na mimi akaniwekea kile changu kikubwa, tangawizi inanukia chumba kizima. Nikamsifu mbele ya mgeni, nikasema mwanangu amekua. Sikuinywa papo hapo kwa sababu chai ya moto siiwezi.

Jirani alikuwa amemfikia kabaila aliyevuma kuliko wote katika ukoo ule. Mzuri wa sura, mwindaji, mkarimu kwa wageni, ila hasira zake ni petroli. Alikosana na mkewe, mke akaenda kwa kaka yake, ambaye alikuwa mfalme wa nchi ya jirani, na akaogopa kurudi. Walikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume. Kijana akaenda kumwona mama yake. Wakati wa kuagana, mjomba akamvuta pembeni akampa kifuko cha unga. Mnyunyizie baba yako kwenye chakula, akamwambia, na usimwambie mtu. Atampenda mama yako upya, atamrudisha nyumbani.

"Limbwata!" nikapiga ukelele. "Kumbe hata Wazungu wana limbwata!"

Nilicheka mpaka machozi. Sisi watu wa Tanga tumetaniwa na limbwata tangu enzi na enzi, ukitaja tu kwenu ni wapi watu wanafunika sahani zao. Leo nimepata wenzangu, tena makabaila! Binti yangu hakucheka. Nilidhani hajafuata Kiswahili.

"Ngoja kwanza, papa," akasema jirani.

Kabaila akakiona kile kifuko ndani ya shati la mwanawe. Akakikata, akanyunyiza unga kwenye mkate, akamtupia mbwa wake. Mbwa akala, akageuza macho, akafa pale pale.

"Na kijana hakujua?"

"Hakujua kitu. Yeye aliamini ni dawa ya mapenzi."

Baba akamfungia kwenye mnara, gizani. Kijana akagoma kula. Kabaila alipoambiwa alikuwa anasafisha kucha kwa kisu kidogo, akapanda nacho mkononi, akamkaba mwanawe shingoni akimfokea kwa nini huli. Ncha ya kisu ikagusa mshipa. Akatoka akashuka, hata hajui kwamba ameua mtoto wake.

"Inna lillahi," nikasema. Koo lilikuwa limenikauka. Nikachukua kikombe.

Binti yangu aliruka kutoka kwenye kochi akakipiga kile kikombe kwa mikono miwili. Chai ikaruka ukutani na kwenye tai ya jirani. "Baba, usinywe! Nimetia kitu!" Kiswahili kitupu.

Nilimtazama mtoto wangu kama simjui. Akatoa mfukoni karatasi iliyosokotwa, ndani mna unga wa kahawia, na kikaratasi kingine cha tangazo, vile vinavyobandikwa kwenye kila nguzo mjini: kurudisha mpenzi aliyepotea, kufukuza mapepo, kushinda kamari. Tangazo alipewa kwenye robot, taa za barabarani, pale Joubert Park. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, kimeandikwa mganga kutoka Tanga.

"Wewe si unatoka Tanga?" akasema analia. "Nikajua dawa ya kwenu itakukubali. Mama atarudi, na wewe hutapiga kelele tena."

Tanga! Na huyo mganga pengine Tanga hajawahi kuiona hata kwenye ramani! Damu ikanipanda kichwani. Mtoto wangu mwenyewe, chai yangu mwenyewe, kikulacho ki nguoni mwako. Mkono wangu ulikuwa umeshapanda.

"Papa," jirani akasema taratibu, "yule kabaila pia alikuwa na sababu."

Mkono ukabaki juu. Binti alikuwa amefumba macho, akiusubiri.

"Na si sumu, baba," akasema hivyo hivyo, macho yamefumbwa. "Nimeinywa mimi kwanza. Kila asubuhi wiki hii, kijiko kimoja. Nilitaka nione kama nitakufa."

Yarabi! "Sasa kikombe umekipiga cha nini?"

"Kwa sababu ya yule mbwa. Nikafikiri labda kwangu bado haijafika."

Nilimbeba ngazi zote mpaka chini ingawa alikuwa anaweza kutembea, na jirani akatusimamishia gari. Hospitalini daktari aliunusa ule unga, akampima mapigo, akamtoa damu. Akasema inaonekana ni magome ya mti tu, lakini watamlaza wamwangalie. Nikatoka koridoni nikampigia mama yake.

"Tuko hospitali," nikasema. "Na mtoto."

Hakuuliza anaumwa nini. Hakuuliza kama ni gari limemgonga.

"Umempiga wapi?" akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu aliyekuwa akiisubiri simu ile mwaka mzima.