Mikono ya Zubeda Juu ya Dashibodi

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyooa, na mke wangu asisikie. Ilikuwa asubuhi ya jua kali, barabara kuu ya kutokea mjini kwetu, nami kijana wa miaka ishirini na minne, askari wa barabarani, sare imepigwa pasi mpaka ukitaka unanyolea ndevu. Leo ni mzee wa kutafutia watu mikoba na viatu hapa Guangzhou, Uchina, lakini siku ile haijaniacha.

Nakusimulia wewe, mwanangu, kwa sababu juzi dada yangu, mama yako, alinipigia simu akipiga vigelegele kwamba umechaguliwa kwenda chuo cha polisi. Hongera. Nilicheka naye, nikakata simu, kisha nikakaa juu ya marobota nikashindwa hata kumaliza chai. Nyumbani wote wanajua kwamba mjomba wako aliacha upolisi kwa ajili ya biashara. Si kweli. Sikiliza.

Nilikuwa na mkubwa wangu wa zamu, koplo mmoja mtu mzima, mpole, mwenye kikohozi kisichokwisha. Vijana tulimcheka kwa sababu hakuwahi kupanda cheo. Siku yangu ya kwanza barabarani aliniambia, "Kijana, humu njiani utakutana na raia wenye bastola za halali. Wengi watakwambia wenyewe kabla hujauliza. Anayekwambia anayo, huyo mshukuru. Wa kumwogopa ni yule asiyesema." Nikaitikia ndiyo afande, moyoni nikisema huyu mzee kachoka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo wasemavyo. Ila guu lililovunjika, mwanangu, halikuwa langu.

Basi asubuhi hiyo nikasimamisha gari dogo jeupe, taa moja ya nyuma ilikuwa imekufa. Dereva alikuwa baba wa makamo, mnunuzi wa madini, na kando yake binti wa miaka minane hivi na sare za shule. Akazima gari, akashusha kioo, akaweka mikono yote miwili juu ya usukani. "Habari za kazi, afande," akasema. "Kabla hatujaendelea, nikujulishe kwamba nina bastola kiunoni, upande wa kulia. Naimiliki kihalali. Kibali kiko mfuko wa nyuma wa suruali."

Maneno ya kiungwana yakoje kama si hayo? Lakini mimi nililisikia neno moja tu, bastola. Pale palikuwa na kituo cha basi, watu wamejaa, wauza machungwa wananikodolea macho, nami nikaona wataniona natetemeka. Nikafoka, "Toa hicho kibali! Haraka!"

"Niingize mkono mfukoni, afande?" akauliza taratibu.

"Wewe kiziwi? Nimesema toa!"

Akaondoa mkono kwenye usukani kama nilivyomwamuru. Nami, Mola anisamehe, nikapiga kelele kwamba anachomoa silaha. Nikafungua mlango, nikamvuta kwa ukosi wa shati, nikamlaza kifudifudi juu ya lami ya moto na kumwekea buti mgongoni. Mkononi mwake kulikuwa na kibali. Kitabu kidogo, picha yake, muhuri, kila kitu. Nilikiona, wallahi nilikiona. Yule binti akawa analia ndani ya gari, "Baba kasema! Baba kamwambia!"

Koplo alikuwa ng'ambo ya barabara na gari jingine. Akaja mbio akikohoa, akakitazama kile kitabu, akanivuta kando. "Mwinue mwenzio," akaniambia. "Mpanguse vumbi, umwombe radhi mbele ya mtoto wake. Sasa hivi."

Dakika moja tu ya aibu, mambo yangekwisha. Lakini watu walikuwa wanacheka, au labda mimi nilidhani wanacheka, na kijana mwenye sare ana kiburi cha jogoo. Nikampeleka kituoni. Huko, nilipotakiwa kuandika maelezo, nikaandika kwa mkono wangu huu kwamba hakunijulisha kitu, na kwamba alipeleka mkono kiunoni. Koplo alijaribu kunipinga, lakini mwanzo hakuuona, na neno langu likashinda. Yule baba akalala mahabusu siku mbili, akanyang'anywa bastola na kibali. Baadaye nikasikia ameacha madini kabisa, maana alikwisha kuvamiwa na majambazi mara moja, na bila silaha hakuthubutu tena kwenda machimboni. Mimi nikasifiwa kwa ushupavu. Sifa zile hazikunipita kooni, na mwaka haukuisha nikavua sare. Koplo aliniaga kwa mkono tu.

Haya, tuje huku ugenini. Hapa wafanyabiashara wananijua. Mkongo akitaka nguo za soko la Shisanhang, Mzanzibari akitaka midoli ya mtaa wa Yide Lu, wote huambiwa kamtafuteni Mzee Shaweji. Katika hao yupo Zubeda, mwanamama wa Dar es Salaam, muuza mikoba, mcheshi, mbishi wa bei mpaka wenye maduka wakimwona wanaguna. Miaka minne nimekuwa nikimpeleka Shiling, nje kidogo ya mji, kwenye masoko ya mikoba. Ananiita baba, na wanawe wananiamkia kwenye simu.

Mwezi uliopita tulikodi gari kwenda huko Shiling. Njiani polisi wakatusimamisha kukagua pasipoti, jambo la kawaida kwetu wageni. Askari mwenyewe kijana, hata sauti hakupandisha. Zubeda alikaa mbele. Kabla askari hajafika dirishani, Zubeda akaweka mikono yote miwili juu ya dashibodi, vidole vimetanuka. Nikamtania kutoka kiti cha nyuma, "We mama, hapa wanataka pasipoti, hawataki mikono!" Hakucheka. Ikabidi pasipoti yake niitoe mimi mkobani.

Tulipoondoka akasema, "Usinicheke, baba. Baba yangu mzazi alimwambia askari kweli kwamba ana bastola na kibali anacho, akalazwa kwenye lami mbele yangu. Nilikuwa darasa la pili. Tangu siku ile akisimamishwa hutoa mikono yote dirishani mara tu gari linaposimama. Nami nikiona sare, mikono inakwenda yenyewe."

Nikamuuliza gari lilikuwa rangi gani.

"Jeupe. Kwa nini?"

"Nauliza tu," nikamjibu.

Nauliza tu! Miaka thelathini na mitano imepita, nami bado mwongo. Siku nzima Shiling nilitembea kama mgonjwa. Akinionyesha zipu, nasema nzuri. Akinionyesha ngozi ya bandia, nasema nzuri, mpaka akaniuliza kama nimekula. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yangu nilikuwa nimeyaficha ya kutosha. Wakati wa kurudi, kwenye barabara ile ile, nikasema, "Zubeda, askari yule ni mimi. Baba yako alinijulisha, kama ulivyosikia. Nilidanganya."

Hakupiga kelele. Aligeuka akaniangalia usoni, kisha akachukua simu akampigia baba yake kwa video. "Baba," akasema, "kuna mtu ana maneno na wewe." Akanipa simu. Uso wa mzee ukatokea, mvi tupu, kofia kichwani. Nikamweleza yote bila kujitetea, nikamwomba radhi huku nalia, mzee mzima.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi nilikwisha kukusamehe zamani. Nisingeweza kuswali na wewe kifuani. Lakini siku niliyotoka mahabusu mtoto wangu aliniuliza, 'Baba, mbona ulisema kweli na wakakuumiza?' Mpaka leo sijampa jibu. Mpe wewe."

Nikamtazama Zubeda. Alikuwa anasubiri, kweli anasubiri. Nilichopata kusema ni kwamba baba yake hakukosea, nilikosa mimi. Akachukua simu yake, akageukia mbele. Sasa mikoba yake anatafutiwa na wakala mwingine. Tukikutana anasema, "Shikamoo, mzee." Lile neno baba limeondoka, na nalitamani kila siku.

Ndiyo maana nakusihi, mwanangu, wewe na kila kijana atakayevaa sare kama yako. Raia akikwambia, afande, nina silaha na kibali ninacho, mwambie ahsante kwanza. Kisha mwelekeze taratibu, mkono huu ubaki wapi na ule ufanye nini, wala usimpe mtu amri ukamwadhibu kwa kuitii. Ukiogopa, ogopa, askari naye ni mtu. Dhambi ni kuuficha woga kwa buti na kwa kalamu. Na ukikosea, omba radhi pale pale, mbele ya wale wale waliokuona. Niliambiwa hivyo na mtu niliyemcheka kwa cheo chake. Majuto ni mjukuu, na wangu amezeeka nikiwa naye.

Nenda na radhi zangu. Mwenyezi Mungu akulinde na risasi, na akulinde zaidi na kiburi. Na kila gari utakalolisimamisha, mtoto aliyemo ndani abaki na mikono yake mapajani, achezee kamba ya mkoba wake wa shule, asikukumbuke kabisa. Amina.