Yangeyange Waliotoka Upande wa Mbololo

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa maji, kwetu nje kidogo ya Voi, hakuna aliyewanyooshea yangeyange kidole. Ndege hao weupe, wafuasi wa ng'ombe, walikuja kila magharibi kulala kwenye mgunga kando ya mto, nasi tuliwaelekeza kwa kidevu tu. Nyanya, mama yake baba, alisema kidole hufukuza mvua.

Mwaka huo ukame ulikuwa umetumalizia kila kitu isipokuwa mahindi ya mbegu, yaliyoning'inia juu ya meko, meusi kwa moshi. Mama alitaka tuyasage. Nyanya akakataa katakata. Yangeyange wakija kulala wakitoka nyikani, alisema, bado. Wakitoka upande wa Mbololo, mvua imeanza milimani na inashuka.

"Mama, mwenye njaa hana miiko," mama alimwambia. "Watoto wanalalia chai ya strungi tu."

"Tungoje leo tu."

"Hata jana ulisema leo tu."

Mimi, ukweli usemwe, nilikuwa upande wa mama. Lakini kila jioni nilikaa nje na nyanya. Walikuja wachache wachache, kisha kundi zima, wakigombania matawi kama wanafunzi na madawati, mpaka mti ukawa mweupe. Wote walitoka nyikani. Nilitamani kulia.

Jioni moja mama aliteremsha mahindi, akaanza kupukuchua. Nyanya akaniita.

"Hebu tazama kule."

Mstari mrefu mweupe ulikuwa ukishuka kutoka Mbololo. Mama alitoka mlangoni na punje mkononi, akasimama hapo hadi ndege wa mwisho alipotua. Asubuhi niliokota chini ya mgunga unyoya wenye matope mekundu mabichi. Mama aliugeuzageuza, kisha akachukua jembe. Tulipanda kwenye vumbi, na juma hilohilo mvua ikanyesha.

Siku hizi najua yangeyange hufuata wadudu, na wadudu hufuata unyevu. Sidhani kidole kimewahi kufukuza wingu. Ila nyanya alijua njaa itatulisha mbegu tusipopewa kitu cha kungojea, na kwa hilo nampenda mpaka leo, ingawa ametutoka.

Mwaka huu pia kumekauka. Juzi nilimpigia mama simu kutoka Mombasa, nikamwambia Jumamosi nitampelekea unga.

"Unga wa nini?" akacheka. "Jana wametoka Mbololo. Wewe njoo na jembe."