Oili Chafu ya Baba Bernado

Niliwahi kuona harusi ikisimama kusubiri oili chafu.

Ilikuwa Kakese, miaka ya tisini. Landrova ya Baba Bernado, kuukuu kuliko bwana harusi, ndiyo ilikuwa impeleke binti yake kanisani Mpanda saa nne. Kwa heshima ya siku hiyo, mzee akamwaga oili nyeusi ya miaka yote, akaweka mpya, nyepesi.

Ikavuja yote. Tukaikinga kwa karai.

Fundi akachungulia chini. "Baba, uchafu ndio ulikuwa unaziba. Rudisha ile ya zamani."

Ya zamani alishampa jirani, Mzee Kasiano, apake nguzo za choo kuzuia mchwa.

Tukamkuta kwenye nguzo ya tatu, brashi mkononi.

"Imebaki dumu moja," akasema. "Nikiwapa, nguzo ya nne nipake nini?"

Bibi harusi, aliyetufuata na shela kichwani, akapaza sauti: "Baba mdogo, si upake hii mpya!"

Wakabadilishana.

Kanisani tulifika saa nne na robo, moshi mtupu.

Mwaka uliofuata nilipita pale. Nguzo tatu zilikuwa zimesimama. Ile ya oili mpya ilishaliwa na mchwa.

Nyie mngeweka ipi?