Jiwe Lililometa Darasani

Hata leo nikisikia mchanga ukikwaruza beseni, mikono yangu inahisi baridi ya kile kijito cha kwetu Pinga. Mama alikuwa anaosha mawe ya madini, na mimi nikichuchumaa kando yake nikichagua. Unazungusha beseni taratibu, maji yanabeba vyepesi, vizito vinabaki chini. Mika, vile vigamba vyembamba kama karatasi, ilikuwa inaondoka ya kwanza, na urembo wake wote. Hiyo, alisema Mama, inametameta tu. Kung'aa ni jambo jingine: jiwe lenyewe la madini ni jeusi, limenuna, lakini ukilivunja linang'aa pale pale lilipovunjika, na mkononi ni zito kuliko ulivyodhani.

Basi nikiwa mwaka wa sita shuleni, mwalimu wetu, mgeni kutoka Goma, alituletea kipande cha mika alichookota njiani. Akatuambia turudie baada yake kwamba hiyo ni metali, kwa sababu inang'aa. Darasa zima likarudia. Mimi nilikuwa na mdomo usiojua kukaa, nikasema hapana, hiyo inametameta tu, na kwa kucha nikaibandua tabaka moja kama ganda la kitunguu. Wenzangu wakacheka. Mwalimu akanitoa nje: nisirudi bila mzazi, na mzazi huyo aniombee samahani mbele ya wote. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa karibu, na asiyekuwa darasani hakuandikishwa.

Nilimweleza Mama nikilia. Hakunigombeza. Aliuliza tu nilitumia neno gani, nikamwambia, akaendelea kuosha.

Asubuhi akavaa kitenge chake cha kanisani, akabeba jiwe moja jeusi, tukaenda wote shuleni. Mwalimu alimkaribisha kwa heshima, akamwambia, Mama Furaha, tunangoja samahani. Mama akamwomba afungue mkono, akamwekea lile jiwe. Mkono wa mwalimu ukashuka. Mimi na wale wa dawati za mbele tuliona wazi, na sitasema uongo, nilifurahi sana.

"Mwalimu, mie sikusomaka," Mama akasema. "Lakini ile yako inametameta, hii njo inangaa. Kama mutoto alisema uongo, umuonyeshe. Kama alisema kweli, ataomba samahani ya nini?"

Mwalimu alisema kitabu ndicho kinachosema kwamba kinachong'aa ni metali. Mama akajibu kwamba atangoja hapo hapo mpaka kitabu kiinue jiwe. Akasimama mlangoni, hakuketi hata alipopewa kiti. Somo la hesabu likapita, na la Kifaransa pia. Mwishowe mwalimu akafuta ubao, akanionyesha dawati langu bila kunitazama. Nikaandikishwa.

Kwa miaka mingi nilidhani Mama hakuogopa. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipokumbuka jinsi alivyokunja pindo la kitenge kwenye ngumi muda wote ule, na kwamba mwanamke asiyejua kusoma alikuwa amesimama mbele ya ubao uliojaa maandishi. Aliogopa, na hakuondoka.

Sasa nasomea mawe chuoni. Juzi profesa aliniuliza tofauti hiyo ya kumeta na kung'aa nimeitoa kitabu gani. Nikamwambia nimeitoa kwa mama yangu, ambaye hakuketi darasani hata siku moja.