Arobaini na Moja za Mama Pumzi

Kwa miaka kumi na tisa, kila Alhamisi, wanafunzi wa udaktari walipiga magoti sakafuni kuzunguka mdoli wa mpira, wakisimamiwa na muuguzi wa chumba cha dharura, mwanamke mfupi, mkali kama pilipili, waliyembandika jina la Mama Pumzi. Kabla hujamgusa mdoli, sharti ugeuke uutazame mtungi wa oksijeni na usome mshale wa geji, ujue gesi iliyobaki. Aliyesahau alitolewa nje, awe mtoto wa nani.

"Barakoa bila gesi ni nini?" alikuwa akiuliza.

"Ni kumziba mgonjwa pua!" darasa zima lilijibu.

Halafu ukaja mchezo wa kompyuta. Samahani, hawataki uitwe mchezo. Ni mafunzo ya kuigiza ya mtandaoni. Daktari msimamizi wa mafunzo akatangaza kwamba mwalimu asiyefikisha alama themanini kwa mia humo hatafundisha tena.

Mama Pumzi akapata arobaini na moja. Kisa? Mgonjwa wa kwenye skrini alipokosa hewa, yeye alitafuta mtungi aukague. Akatafuta juu, akatafuta chini, saa inakwenda, mgonjwa akafa.

"Sista, humo oksijeni ipo siku zote," Daktari akamwambia, kwa sauti ile ya kumbembelezea mtoto dawa. "Wewe bonyeza tu."

"Siku zote? Wodi gani hiyo, Dokta? Nami niombe uhamisho!"

Daktari akacheka. Mtu anakuambia miaka kumi na tisa yako si kitu, kisha anacheka! Akampa wiki mbili arudie mtihani, la sivyo Alhamisi zake zimekwisha.

Basi kila jioni mama mtu mzima akaketi mezani na bintiye, akifundishwa kusahau.

"Mama, mkono huo! Unatafuta nini tena?"

"Naukagua mtungi."

"Hakuna cha kukagua! Bonyeza!" Na binti akampiga kikofi kidogo mkononi, wote wakacheka, ingawa mama roho ilikuwa inamuuma.

Binadamu hufundishika, hata upuuzi. Akapata tisini na nne, na cheti chenye nembo ya dhahabu. Alhamisi zake zikabaki.

Wiki hiyohiyo, Jumatano asubuhi, akaletwa fundi cherehani, pumu imemkaba, midomo imeanza kubadilika rangi. Mama Pumzi akazungusha koki ya mtungi, akamvisha barakoa, akageuka kuandaa sindano. Upesi, kama alivyofunzwa.

"Mama," mwanafunzi mmoja wa kike akasema nyuma yake. "Mfuko wa barakoa haujai."

Mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri. Yule mwanafunzi hakungoja kuambiwa. Alishaburuta mtungi mwingine, na geji yake alishaisoma. Wakabadilisha. Baada ya muda midomo ya fundi ikarudi rangi yake, akaulizia cherehani yake nani anaiangalia.

Hakuna aliyemlaumu Mama Pumzi, na hilo ndilo lililomchemsha damu. Mazoea yana taabu, na haya yake mapya alipewa kwa cheti! Akapanda ngazi hadi kwa Daktari, glovu bado mikononi, akakitua cheti juu ya meza.

"Futa tisini na nne hizi. Nirudishie arobaini na moja zangu."

"Sista, tulia. Chini ya themanini hufundishi, unajua."

"Leo, na tisini na nne zangu, nimemziba mtu pua. Aliyemwokoa nilimfundisha mimi, kwenye sakafu, nikiwa na arobaini na moja."

Safari hii Daktari hakucheka. Alikitazama cheti, akakosa pa kuweka mikono.

"Kesho ni Alhamisi," Mama Pumzi akasema akiwa mlangoni. "Nitakuwa chini na mdoli wangu. Ukitaka kunitoa, njoo unitoe mbele ya wanafunzi, na uwaeleze sababu."