Zamu Elfu za Bernadine Kubiak

Sikumpenda Bernadine Kubiak, na nikijifanya nilimpenda kwa kuwa sasa amefariki nitakuwa mnafiki. Alikuwa mpishi wa shule hapa Toledo, ana ulimi wa kukwaruza, na kwa miaka tisa alikuwa mwanamke pekee katika ligi yetu ya karatasi. Kila Aprili, watu kumi tulikutana baa ya Szymon tukagawana wachezaji wa kweli wa besiboli, na walichofanya uwanjani kilihesabiwa kuwa pointi zetu. Katibu nilikuwa mimi: nilijumlisha hesabu, na kila Jumanne nikatoa karatasi ya matokeo.

Wanaume tuligombania wapigaji wenye majina. Bernadine alitafuna pierogi zake, vile vitumbua vya Kipolandi vya viazi, kimya mpaka tuchoke, kisha akaanza kuokota warushaji: waliotemwa na timu mbili tatu, wenye mabega mabovu, wanaorusha polepole lakini hawagawi pointi ovyo.

"Unafungua nyumba ya wazee?" Rudy Mankowski, fundi bomba, alimuuliza mwaka ule wa 1988.

"Ndiyo, na kitanda chako kiko tayari. Karibu na choo."

Baa nzima ilicheka. Mimi sikucheka. Mwaka uliotangulia alikuwa amesimama palepale akatangaza kwamba hesabu zangu zina makosa. Kweli zilikuwa na makosa, na hilo ndilo lililoniuma.

Kufika Septemba wazee wake walikuwa wamempeleka mbele yetu wote. Mimi nilikuwa wa pili, nyuma yake kidogo sana. Jina lake halikuwahi kuchongwa kwenye kombe la ligi, na tayari alikuwa amesafisha nafasi juu ya friji ya jikoni shuleni, wapishi wenzake wote wameshaambiwa.

Ikabaki Jumapili ya mwisho. Aliongoza kwa sababu warushaji wake walifungwa kidogo, kwa hiyo akiwaweka wote benchi, kombe lake. Lakini tulikuwa na sheria: timu ambayo warushaji wake kwa jumla hawajatimiza zamu elfu moja za kurusha katika msimu inapewa sifuri kwa urushaji wote. Yeye, kwa karatasi ya mwisho aliyoiona, alikuwa amebakiza tano. Mzee wake mmoja, Orval Teague, alikuwa amerusha Jumamosi usiku huko Seattle, na gazeti letu huchapishwa kabla mechi za magharibi hazijaisha. Redio ilitaja matokeo tu. Mimi nina binamu Seattle, na alikuwa ameshanipigia. Teague alirusha zamu saba; elfu ya Bernadine ilikuwa imeshatimia.

Asubuhi simu ikalia.

"Verne, Teague alirusha ngapi jana?"

"Soma gazeti."

"Gazeti halina, na unajua halina. Niambie tu, tano zilifika?"

"Karatasi inatoka Jumanne."

"Yaani mtu mzima unanifanyia hivi? Una roho mbaya, Verne."

"Jumanne," nikasema, nikakata.

Hakuna sheria iliyonikataza kumwambia. Rudy nilikuwa nimemwambia mambo ya namna hiyo mara mbili kiangazi kile.

Kabla ya saa sita akapiga tena, safari hii kwa sauti ya chini, akamtaja Hollis Brandt, mrushaji wake pekee aliyekuwa anaanza siku hiyo, ili ajazie zamu kama zimepungua. Nikamwandika. Kisha nikakaa kando ya redio na bia yangu, nikasikiliza Brandt akipigwa. Alitolewa zamu ya tatu, ameshafungwa tisa. Nikampita Bernadine kwa unywele.

Jumanne alikuja baa na aproni yake ya kazini. Akachukua karatasi, kidole kikashuka mpaka kwa Teague, kikasimama. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Hakunitazama hata mara moja. Alimgeukia Rudy.

"Ungekuwa wewe umempigia Verne kuuliza zamu za Teague, angekuambia?"

Rudy alichezea glasi yake. "Angeniambia," akasema.

Bernadine akaikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa aproni, akatoka. Hakurudi kwenye ligi tena.

Kombe lina jina langu, Verne Stuckey. Aprili iliyofuata nilikaa kimya, nikawaacha wenzangu wagombane, nikachukua wazee watupu, Teague na Brandt wakiwemo. Msimu ulipoisha nikawa wa mwisho. Hakuna aliyenitania. Rudy alinisogezea sahani ya pierogi, akahamia meza nyingine.